Rafiki yako ana kisukari: mwongozo kamili wa kumtafutia matibabu ya kuaminika

Habari kwamba mtu ana kisukari ikishafika kwa marafiki, simu zinaanza kuulizana jambo moja: daktari mzuri wa sukari ni nani? Majina yanamiminika. Profesa fulani wa Muhimbili, bingwa fulani wa Upanga, mwingine anayeingia Jumamosi tu na foleni yake huanza alfajiri. Mgonjwa anakwenda, analipia kumwona, anatoka na vidonge vya mwezi mmoja. Miezi minne inapita hajarudi, maana nauli, ada na foleni vimemshinda, na sukari iko palepale ilipokuwa.

Msimamo wangu ni huu: mtafutie rafiki yako kliniki kwanza, bingwa baadaye. Kliniki iliyo karibu na anapoishi au anapofanya kazi, yenye siku yake maalumu ya kisukari, yenye nesi atakayemkumbuka kwa jina, yenye faili linaloonyesha mara iliyopita alipimwa nini, na yenye dirisha la dawa lisilosema "kanunue nje" kila mwezi. Kisukari ni ugonjwa wa kurudi hospitali. Anayekuona mara nyingi akiwa na kumbukumbu zako atakusaidia kuliko hodari anayekuona mara moja na kukusahau.

Nimeandika nikimfikiria mtu mzima anayeishi Dar es Salaam. Aliye Tanga, Mombasa au Bujumbura abadilishe majina ya hospitali. Hatua hazibadiliki sana.

Mwulize kwanza yeye mwenyewe

Wewe ni rafiki, si ndugu wa damu, na hospitalini tofauti hiyo huonekana mara moja. Kaa naye faragha umwulize mambo matatu. Anataka nani ajue? Anataka uingie naye kwa daktari au umsubiri kwenye benchi? Na nini hasa kinamsumbua sasa? Jibu la swali la tatu mara nyingi halina hata neno sukari ndani yake. Ni kuamka kukojoa usiku kucha, ni macho kuona ukungu, ni nguvu za kiume kupungua, ni hofu ya kukatwa mguu kama mjomba wake. Liandike jibu hilo, kwa sababu ndilo litakalomtoa kitandani siku ya kliniki hata kukiwa na mvua.

Kama ana mke au mume, usimpite. Anayepika na anayeshika pesa za nyumbani ndiye atakayekuwa naye siku zote, na ukipanga kila kitu bila kumshirikisha utaonekana mchonganishi hata kama nia yako ni njema. Na tafadhali, usiitangaze habari hii kwenye kundi la WhatsApp la wenzenu mliosoma pamoja eti mnaanzisha mchango. Wengi huficha kisukari kazini kwa sababu zao. Mchango ukihitajika, yeye ndiye aseme.

Hakikisheni ni kisukari, na ni cha aina gani

Wapo walioambiwa "una sukari" baada ya kuchomwa kidole mara moja kwenye banda la maonyesho. Hiyo ni tahadhari tu, jibu bado. Kisukari huthibitishwa kwa damu ya maabara, na viwango vinajulikana: 7.0 mmol/L au zaidi mtu akiwa hajala kwa saa nane au zaidi, 11.1 au zaidi saa mbili baada ya kunywa glukozi ya kupimia. Au HbA1c, kile ambacho wengi hukiita kipimo cha miezi mitatu, kikifika asilimia 6.5. Asiye na dalili yoyote hathibitishwi kwa jibu moja. Panahitajika kipimo cha pili. Mwenye dalili za wazi, yaani kiu isiyokatika, mkojo mwingi na kukonda, ambaye sukari yake ya wakati wowote imefika 11.1, huyo hana haja ya kusubiri.

Mashine nyingine husoma kwa mg/dL na kuwatisha watu kwa tarakimu kubwa. Gawanya kwa 18. Ukiona 126, ni 7.0 ileile.

Aina nayo ina maana kubwa. Wengi wa watu wazima wana aina ya 2, ambayo huja polepole na huanza kutibiwa kwa vidonge na chakula. Aina ya 1 hupenda kuwapata watoto na vijana: mtu anakonda ghafla, anatapika, anaishiwa nguvu kwa muda mfupi. Mwili wake hautengenezi insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, na asipopewa atakufa. Lakini aina ya 1 humpata pia mtu wa miaka 35 au 40, akaandikiwa vidonge kwa kudhaniwa ni aina ya 2. Kama rafiki yako ni mwembamba, anameza dawa sawasawa, na bado sukari iko juu huku anaendelea kukonda, mwulizeni daktari swali hilo bila kuona haya. Hapa ndipo bingwa anapohitajika kweli, na mapema.

Rafiki akiwa mjamzito, au anatafuta ujauzito, aseme hivyo siku ya kwanza kabisa. Baadhi ya dawa za presha na za mafuta kwenye damu ambazo wenye kisukari huandikiwa hazimfai mama mwenye mimba.

Kusanyeni karatasi na vidonge

Kabla ya kwenda popote, tandazeni mezani kila kitu: kadi za hospitali, majibu ya maabara hata ya zamani, na dawa zote anazomeza zikiwa kwenye pakiti zake. Zote maana yake zote, pamoja na ile chupa ya mizizi iliyotumwa na shangazi kutoka kijijini. Weka kwenye mfuko mmoja. Daktari akiona pakiti zenyewe anapata ukweli ambao maneno "namezaga kile kidonge cheupe" hayampi.

Kisha nunueni daftari la shule. Kila ukurasa uwe na tarehe, saa, kipimo cha sukari, kama ni kabla au baada ya kula, presha, na nafasi ya maelezo mafupi: "alikula harusini", "alisahau dawa ya jioni". Kila jibu la maabara lipigwe picha kwa simu siku hiyohiyo. Faili za hospitali hupotea, mifumo ya kompyuta hugoma, madaktari huhamishwa. Daftari likiwa mikononi mwake, matibabu hayaanzi upya kila anapokutana na sura mpya.

Wapi pa kuanzia

Tanzania ina ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali ya kanda, kisha hospitali ya taifa. Watu hupenda kuruka ngazi, wakitoka nyumbani moja kwa moja hadi Muhimbili. Kwa mtu mzima mwenye aina ya 2 asiye na matatizo makubwa, huko ni kujichosha. Utapanga foleni na watu wenye figo zilizofeli, na mwenye bima bila barua ya rufaa anaweza kurudishwa au kuambiwa alipe taslimu.

Kwa Dar es Salaam ningeanza na hospitali ya wilaya iliyo karibu, au mojawapo ya hospitali tatu za rufaa za mkoa: Amana kwa watu wa Ilala, Mwananyamala kwa wa Kinondoni, Temeke kwa wa Temeke. Kliniki nyingi za kisukari huwa na siku maalumu za juma, kwa hiyo nenda wewe kwanza, bila mgonjwa, ukaulize mapokezi siku ni ipi, watu huanza kuandikishwa saa ngapi, na kama aje bila kula. Ziara hiyo fupi inaokoa siku nzima ya kazi ya mwenzako. Ukiwa hapo, keti kwenye benchi usikilize. Wagonjwa wa muda mrefu ni wakarimu sana wa habari; watakwambia nesi yupi anaeleza vizuri na dawa gani imekosekana tangu mwezi uliopita.

Chama cha Kisukari Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1985, kimeshiriki kwa miaka mingi kusambaza kliniki za kisukari mikoani na kufundisha wahudumu. Ukikwama kupata kliniki, waulize wao. Kama mgonjwa ni mtoto au kijana wa aina ya 1, kabla hamjaanza kununua insulini kwa pesa yenu, ulizeni kuhusu mradi wa Changing Diabetes in Children, ambao kwa Tanzania umekuwa ukiwapa watoto na vijana insulini na vifaa vya kupimia bila malipo kupitia kliniki maalumu.

Hospitali binafsi si mbaya. Foleni ni fupi, na mtu anayebanwa na kazi anaweza kuona ni afadhali. Ila piga hesabu ya mwaka mzima, usipige ya siku moja: kumwona daktari, vipimo, dawa, vijiti vya kupimia, mara nne au sita. Kama hesabu hiyo hailipiki, anzeni serikalini tangu mwanzo; kuhama katikati kwa sababu pesa zimeisha ndiko kunakowapoteza watu. Daktari wa binafsi ambaye hamjamsikia popote, ulizeni kama amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwenye usajili hakasiriki kuulizwa.

Kuhusu bima, usiulize tu "mnapokea NHIF?" Uliza kadi ya aina hiyo inalipia nini: insulini, HbA1c, kumwona daktari wa macho, vijiti. Majibu hutofautiana kwa aina ya kadi na kwa kituo. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo, au mgonjwa yeyote ambaye kwa kweli hana, apitie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Wengi hawajui hata mlango wake ulipo.

Siku ya kwanza, angalia miguu

Kuna njia nyingi za kupima ubora wa kliniki, lakini mimi nina moja ninayoiamini kuliko zote: je, wanamvua viatu?

Kisukari kikikaa muda mrefu huharibu neva za miguu. Mtu hahisi maumivu. Anakanyaga msumari, anatembea nao hadi jioni. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliripoti katika jarida la kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari waliong'atwa miguu na panya wakiwa wamelala, wasihisi kitu mpaka asubuhi walipoona damu. Kidonda kidogo kinaingia uchafu, sukari ya juu inakizuia kupona, mishipa ya damu nayo imebana, na mwisho ni chumba cha upasuaji. Sehemu kubwa ya ukataji wa miguu unaotokana na kisukari unaweza kuzuiwa kwa kuangalia nyayo mapema. Tanzania ina historia ya kujivunia hapa: mradi wa Step by Step, ulioanza miaka ya mwanzo ya 2000 kwa ushirikiano na wataalamu wa nje, ulifundisha jozi za daktari na nesi kutoka mikoa mbalimbali namna ya kukagua na kuhudumia miguu. Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam alikuwa mmoja wa walioongoza kazi hiyo, na nchi nyingine ziliiga.

Kwa hiyo kliniki inayojua kazi yake itamwambia rafiki yako avue viatu na soksi. Watatazama katikati ya vidole, watagusa nyayo kwa uzi mgumu wa nailoni huku amefumba macho aseme anahisi wapi, watashika mguu juu kutafuta mapigo ya damu. Ni dakika chache tu. Wasipofanya, wewe au yeye mseme kwa adabu: "Sista, samahani, tungeomba na miguu iangaliwe." Jibu lao litakufundisha mengi.

Nyumbani, miguu ikaguliwe kila jioni. Asiyeweza kuinama atumie kioo kidogo au aangaliwe na mtu. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko, siyo kwa mguu. Sugu zisikatwe kwa wembe. Viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Kutembea peku kuishe, hata ndani, na mwenye nyumba yenye panya atafute chandarua kinachochomekwa vizuri chini ya godoro.

Ukiacha miguu, siku ya kwanza tazama pia kama presha imepimwa, kama uzito umeandikwa, kama kuna mtu aliyekaa naye kumweleza ugonjwa wenyewe, na kama ametoka na tarehe ya kurudi. Je, walimuuliza kuhusu kikohozi? Kisukari huongeza hatari ya kupata kifua kikuu mara mbili hadi tatu, na mwenye kikohozi cha wiki mbili anapaswa kupimwa. Kliniki inayouliza swali hilo inafikiri.

Vipimo vya kudai

Nasema kudai kwa makusudi. Mgonjwa mpole anayesubiri kuandikiwa anaweza kumaliza miaka mitano akipimwa kidole tu.

HbA1c huonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu. Ifanyike kila miezi mitatu mpaka itulie, kisha kila miezi sita. Kwa watu wazima wengi lengo ni chini ya asilimia 7. Kwa mzee mwenye magonjwa mengi daktari anaweza kuridhika na 8, na ana sababu, kwa kuwa sukari ikishuka sana humwangusha mzee kuliko ikipanda kidogo. Jambo moja la kwetu: mwenye selimundu (sickle cell) au upungufu mkubwa wa damu anaweza kupata jibu la HbA1c lisilo la kweli. Damu yake ina historia tofauti, na daktari asipoambiwa ataamini namba nzuri ambayo haipo. Kwa huyo, vipimo vya kidole vya mara kwa mara ndivyo vya kutegemea.

Mkojo upimwe protini mara moja kwa mwaka, pamoja na kreatinini kwenye damu, taka ambayo figo nzima huiondoa, ili kujua hali ya figo. Figo huharibika kimyakimya. Uvimbe wa miguu ukitokea, muda mwingi umeshapotea. Mafuta kwenye damu pia, mara moja kwa mwaka.

Macho nayo kila mwaka, na hapa watu wengi hudanganyika. Kusoma herufi ukutani hakutoshi. Anatakiwa awekewe matone ya kupanua mboni, kisha daktari atazame nyuma ya jicho. Baada ya matone ataona ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo asiendeshe gari wala bodaboda, umsindikize. Dar es Salaam kuna hospitali za CCBRT na Muhimbili, Moshi kuna hospitali ya KCMC. Asisubiri mpaka aone vibaya.

Dawa, vijiti na insulini

Kidonge cha kwanza kwa wengi wa aina ya 2 ni metformin. Kinajulikana, ni nafuu, na peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Wiki za mwanzo huchafua tumbo, na wengi huacha hapo bila kumwambia mtu. Dawa ni kuimeza na chakula na kuanza kidogo kidogo. Ikishindikana ipo ya kuyeyuka polepole. Mwambie mwenzako arudi kulalamika kliniki badala ya kuficha vidonge kabatini.

Glibenclamide, ambayo bado iko kwenye maduka mengi ya dawa, ina nguvu ya kushusha sukari na inaweza kuishusha kwa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani halishauri itumike kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Ikiwa rafiki yako ni mzee na anaimeza, ulizeni kama gliclazide inaweza kuchukua nafasi yake. Msibadilishe wenyewe.

Daktari akisema insulini, tarajia kilio. Mitaani inaaminika kwamba insulini ni hatua ya mwisho, au kwamba ndiyo inayopofusha. Kinachopofusha ni sukari iliyokaa juu kwa miaka. Insulini ikaletwa kwa kuchelewa, ikabeba lawama. Kaeni na nesi mpaka mwenzako ajichome mwenyewe mbele yake. Sehemu ya kuchoma ibadilishwe kila mara, la sivyo nyama huvimba na dawa hainyonywi vizuri.

Chupa isiyofunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu. Ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka. Iliyofunguliwa inaweza kukaa nje mahali pa baridi kwa takriban wiki nne. Pasipo friji, mtungi wa udongo hufanya kazi: mtungi mdogo ndani ya mkubwa, mchanga uliolowana katikati, insulini kwenye mfuko mkavu wa plastiki ndani ya ule mdogo, kivulini penye upepo. Kwa joto la Dar la Februari hautafikia friji, lakini ni bora mara nyingi kuliko dirishani au kwenye dashibodi ya gari.

Mashine ya kupimia sukari isinunuliwe kwa bei yake. Ulizia kwanza bei ya vijiti vyake na kama vinapatikana mwaka mzima katika famasi zaidi ya moja. Mashine ya bure yenye vijiti adimu ni pambo. Kama pesa ni ya vijiti vichache kwa wiki, visitumike vyote asubuhi: apime siku moja kabla ya kula, siku nyingine saa mbili baada ya mlo mkubwa. Kwa wengi, lengo kabla ya kula ni kati ya 4.4 na 7.2, na baada ya kula chini ya 10.

Chakula nakipitia haraka, kwa sababu kila mtu anajifanya mtaalamu wake. Dona ni bora kuliko sembe, lakini mlima wa dona ni mlima uleule. Kiasi cha wanga kipungue, mboga na maharage viongezeke, soda na juisi ziondoke mezani. Juisi ya matunda halisi nayo ni sukari.

Dawa za asili na vikombe

Rafiki yako ataletewa mlonge, mdalasini, unga wa mbegu, na namba ya simu ya mtu wa Bagamoyo. Ukimkejeli, atazitumia akufiche. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Kikombe kilisemwa kuponya kisukari pamoja na magonjwa mengine sugu, na wapo walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Hatari iko hapo, kwenye kuacha.

Mwambie ukweli wa kuvutia: metformin yenyewe imetokana na utafiti wa mmea wa Ulaya, Galega officinalis. Mimea ina nguvu, hakuna anayebisha. Tofauti ni kipimo kinachojulikana. Sharti lako liwe moja, kwamba chochote anachokunywa kiandikwe kwenye daftari na daktari aone, na dawa za hospitali zisiachwe hata siku moja. Wa aina ya 1 hana hata nafasi ya kujaribu bila insulini.

Siku sukari ikishuka au ikipanda sana

Jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, hasira isiyo na sababu, kuongea ovyo: pima, na ukikosa mashine chukulia kwamba imeshuka. Chini ya 4 ni kushuka. Mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado. Kisha ale chakula. Akiwa amezimia usimwekee kitu mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbizeni hospitali. Kama anatumia glibenclamide, mpelekeni hata akizinduka, kwani sukari inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa.

Upande wa pili: kiu kali, kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa kasi na kwa kina, pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva mno, usingizi usio wa kawaida. Hiyo ni dharura ya saa, siyo ya kesho. Kwetu hali hii hudhaniwa malaria, na kipimo cha malaria kikitoka chanya kila mtu anatulia. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Mkifika mapokezi sema kabla ya jina: "Ana kisukari, tunaomba apimwe sukari sasa hivi," na hasa kabla hajatundikiwa dripu yoyote. Anayetumia insulini asiiache kwa sababu hali chakula au anaumwa; huo ndio wakati sukari hupanda, na kipimo cha dozi aulize kliniki.

Wanaofunga Ramadhani waende kliniki wiki sita hadi nane kabla, wakapangiwe upya saa na kiasi cha dawa. Wa aina ya 1, wajawazito, na wale ambao sukari yao hushuka mara kwa mara wako kwenye hatari kubwa, na wanapaswa kusikia hivyo kutoka kwa daktari na kwa sheikh pia. Kuchoma kidole kupima sukari hakuvunji saumu kwa kauli ya wanazuoni wengi. Ikishuka chini ya 4, afuturu saa hiyohiyo.

Mkiona kliniki haifai

Mpe kliniki miezi sita. Kama muda huo umepita na hajawahi kuvuliwa viatu, HbA1c haijawahi kutajwa, dawa ni zilezile ilhali sukari iko 14 kila mwezi, hameni bila ugomvi. Ombeni barua ya rufaa au muhtasari wa matibabu, na nakala za majibu yote. Mahali pazuri pa kuuliza pa kwenda ni kwa nesi wa kliniki hiyohiyo mnayoiacha, mkiwa nje kidogo ya foleni.

Rufaa kwa bingwa ni ya lazima, hata kliniki ikiwa nzuri, pale kreatinini inapopanda, protini ikivuja kwenye mkojo, kidonda cha mguu kisipopungua ndani ya wiki mbili, macho yakionyesha mabadiliko, au aina ya kisukari ikiwa na mashaka. Kidonda cheusi au chenye harufu na homa hakisubiri wiki mbili, ni leo. Kwa mengine, kabla hajaacha kliniki ya zamani awe na tarehe ya kuonwa kule kupya na dawa za angalau mwezi mmoja mkononi.